Seva ya muziki au kompyuta? Anza kwa kuchomoa chaja

Shemeji alinipigia simu Jumamosi asubuhi akiwa ameshaamua. Alikuwa na bei ya seva ya muziki mkononi, kisanduku cheusi cha alumini cha kutunza na kupiga nyimbo, kisicho na skrini wala kibodi, na alichotaka kwangu ni neno moja tu: nunua. Sababu yake ilikuwa mvumo. Laptopu aliyoiunganisha na amplifaya ilikuwa inatoa sauti ya chinichini, kama nyuki ndani ya mzinga, na kila wimbo ulipotulia nyuki wale walisikika. Dukani walimweleza kwamba kompyuta ina kelele za umeme, kwa hiyo anayependa muziki kwa dhati hana budi kununua mashine iliyoundwa kwa ajili ya muziki.

Mchana nikaenda kwake Tabata. Sikugusa kitu isipokuwa chaja. Nilipoichomoa ukutani, nyuki wakanyamaza. Nilipoirudisha, wakaanza tena. Mama yake, aliyekuwa amekaa karibu na spika akisubiri taarab yake, alisema, "Hapo hapo baba, usiiguse tena."

Mvumo ule ulikuwa karibu umgharimu shemeji mamilioni ya shilingi, na mashine mpya ingeweza kuvuma vilevile. Ndiyo maana nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu. Swali la seva au kompyuta huulizwa kana kwamba ni shindano la sauti, ilhali sauti ndiyo sehemu yake ndogo.

Seva ya muziki ni kompyuta. Ukiifungua utakuta prosesa, kumbukumbu na diski, na mara nyingi Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Mtengenezaji ameondoa skrini na kibodi, akaondoa feni akaacha kasha la alumini lipoze joto, akaweka pawa saplai nzuri zaidi, kisha akaipa mashine kazi moja tu. Ushahidi ulio wazi unatoka kwa Roon, programu maarufu ya kupanga na kupiga muziki iliyoanza kuuzwa 2015. Kampuni hiyo ilitoa seva yake, Nucleus, 2018. Lakini kampuni hiyohiyo inatoa mfumo uitwao ROCK, ambao unaupakua na kuuweka mwenyewe kwenye kompyuta ndogo za Intel aina ya NUC, na unapata kazi ileile. Ada ya programu utailipa kotekote. Anayechagua sanduku lililokamilika analipia kasha, ukimya wake, na jasho la mtu aliyelipanga ili asilipange yeye. Ni biashara halali kabisa, mradi mnunuzi ajue ndicho anachonunua.

Kazi yenyewe ya kupiga muziki ni nyepesi mno kwa kompyuta ya leo. CD, tangu ilipoingia sokoni 1982, hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa kushoto na kulia, kila sampuli ikiwa na biti 16. Ukizidisha kwa pande mbili unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani chini kidogo ya megabiti moja na nusu. Waya wa USB 2 umeundwa kupitisha megabiti 480. Laptopu iliyoachwa kabatini kwa miaka kumi kwa sababu inashindwa na kazi za ofisi bado inaipiga CD huku imekaa bure. Hakuna "nguvu ya prosesa" inayofanya sauti ya mwimbaji iwe tamu.

Sauti inazaliwa mbele zaidi. Namba zikitoka kwenye faili zinafika kwenye kigeuzi, kile kinachojulikana madukani kama DAC, nacho ndicho kinachozigeuza kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka. Mkondo huo unaingia kwenye amplifaya, halafu spika, halafu chumba. Pesa inayobadilisha unachosikia iko huko, na zaidi kwenye spika na chumba. Spika zilizobanwa kwenye kona ya ukuta mtupu wa saruji, juu ya sakafu ya vigae, hazitaokolewa na seva yoyote. Pazia zito, zulia na kuzivuta spika nusu mita kutoka ukutani ni matengenezo ya bei ndogo yanayosikika siku hiyohiyo.

Je, kompyuta haiharibu chochote njiani? Inaweza, na ni vizuri kujua ni wapi.

Pa kwanza ni kwenye programu. Windows hukusanya sauti zote za kompyuta, muziki, video, na ile ting'ting' ya ujumbe ulioingia, ikazichanganya kwa kasi moja iliyochaguliwa kwenye mipangilio, mara nyingi sampuli 48,000 kwa sekunde. Wimbo wa CD wenye sampuli 44,100 inabidi ukokotolewe upya ili uingie kwenye mchanganyiko huo. Madhara yake ni madogo, na masikio mengi hayatayashika, lakini kuyaepuka ni rahisi: programu kama foobar2000, ambayo ni ya bure, inaweza kuushika mlango wa sauti peke yake kupitia WASAPI, njia ya sauti iliyomo ndani ya Windows, na hapo namba zinafika kwenye kigeuzi kama zilivyotoka kwenye faili. Linux ina njia ya moja kwa moja kupitia ALSA. Kwenye Mac unaingia Audio MIDI Setup na kuchagua kasi inayolingana na muziki wako. Kinachokera zaidi kwenye kompyuta ya matumizi yote ni ting'ting' yenyewe, inayopasuka kwa sauti ya amplifaya nzima katikati ya wimbo. Nimeona mtoto mchanga akiamka kwa kilio kwa sababu ya barua pepe.

Pa pili ni umeme, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapouziwa dawa ya ugonjwa wasio nao.

Chaja ya laptopu ina vipengele vidogo vya kuzuia isiingilie mawimbi ya redio. Vipengele hivyo huruhusu umeme mdogo sana uvuje kutoka upande wa ukutani kwenda upande wa laptopu. Si wa kuua, lakini pengine umeshausikia: unapopitisha kidole juu ya kasha la chuma la laptopu iliyo kwenye chaji na kuhisi kama linatetemeka. Umeme huo unatafuta njia ya kwenda ardhini. Ukiunganisha laptopu na kigeuzi kwa USB, kigeuzi na amplifaya kwa nyaya zile za kawaida za nyekundu na nyeupe, umeupa barabara. Unapita kwenye ganda la waya, na kwa bahati mbaya ganda hilohilo ndilo amplifaya inalotumia kama kipimo cha sifuri cha muziki. Sifuri ikianza kuyumba, spika zinavuma. Jambo kama hilo hutokea pia pale vifaa viwili vinapokuwa na ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, kupitia soketi mbili tofauti, kukawa na mzunguko kati yao.

Katika nyumba zetu nyingi hali inazidishwa na ethi ya maonyesho. Soketi ina matundu matatu, ila nyuma ya lile la juu waya haujaungwa popote, au nondo ya ethi ilichomekwa kwenye udongo ambao kiangazi unakauka kama mfupa. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime. Atakuwa amekupa huduma kubwa kuliko ya muziki, kwa sababu ethi ndiyo inayokulinda friji au hita inapopata hitilafu. Na tafadhali, asije mtu akakushauri ukate au uzibe pini ya ethi ili mvumo uishe. Mvumo utaisha kweli, na ulinzi wa maisha ya watu wa nyumbani nao utakuwa umeisha.

Tiba salama zipo. Chomeka vifaa vyote vya muziki kwenye ekstensheni moja. Tumia waya wa mwanga (optical) badala ya USB kama kigeuzi chako kina tundu lake, maana mwanga haupitishi umeme hata chembe. Au tenganisha kompyuta na mfumo wa sauti kwa mtandao: tundu la waya wa ruta lina transfoma ndogo ndani yake inayokata njia ya umeme, na Wi-Fi haina waya kabisa. Utaona kwamba hakuna tiba hata moja kati ya hizi inayodai ununue seva. Na seva iliyochomekwa kwa USB kwenye kigeuzi kilekile, katika nyumba yenye ethi ileile, inaweza ikavuma kwa wimbo uleule.

Utasikia pia habari ya saa, kwamba namba zinafika zikiwa na mwendo unaoyumba na kuharibu sauti. Ilikuwa hoja ya maana zaidi zamani, wakati kigeuzi kilifuata saa ya mashine iliyokipelekea namba. Vigeuzi vingi vya USB vya sasa vina saa yao wenyewe. Vinaiambia kompyuta "lete" na "subiri", vinaweka akiba ndogo, kisha vinapiga kwa mwendo wao. Mtu akikuapia kwamba seva yake imenenepesha besi, mwombe mjaribu hivi: mtu wa tatu abadilishe mashine bila ninyi kujua ipi inapiga, na sauti zilinganishwe kwa kipimo, kwa kuwa sikio hupenda ile iliyo juu kidogo na kuiita bora. Nimekaa kwenye majaribio ya namna hiyo na watu wanaopenda muziki kwa moyo wote. Mashine zilipokuwa zinatoa namba zilezile kwenye kigeuzi kilekile, hatukuweza kuzitofautisha.

Sasa niitetee seva, kwa sababu inastahili, lakini kwa hoja zake za kweli.

Seva iko macho wakati wote. Unafika nyumbani umechoka, unafungua simu, unagusa wimbo, nao unaanza kupigwa. Laptopu inadai uifungue, uiamshe, usubiri isasishe programu, uunganishe waya ambao mtu ameuchomoa. Halafu mtoto anaitaka kwa kazi ya shule, na muziki unaondoka naye chumbani. Muziki unaodai hatua saba haupigwi. Kwa shemeji nilikuta CD nzuri zina vumbi kwa sababu hiyo hiyo. Kisanduku kisicho na feni pia hakivuti vumbi, wala hewa ya chumvi kwa wanaoishi karibu na bahari, na hakina mlio wake pale wimbo unaposhuka hadi kinanda kimoja na pumzi ya mwimbaji.

Lakini angalia: sifa zote hizi ni za mashine iliyotengwa kwa kazi moja. Hazitokani na bei. Raspberry Pi, bodi ya kompyuta inayoenea kiganjani, ilitoka 2012 kwa dola 35, na matoleo yake ya baadaye yanafanya kazi ya seva ya muziki bila kutoka jasho. Unaiwekea mfumo wa bure kama piCorePlayer, moOde au Volumio, unaichomeka diski na kigeuzi, unaiendesha kwa simu. Laptopu kuukuu iliyofutwa na kuwekewa Linux inafaa vilevile. Hiyo ndiyo njia ya tatu ambayo wauzaji wa pande zote mbili hawaitaji, na kwa nyumba nyingi za kwetu naiona ndiyo bora.

Naiona hivyo kwanza kwa sababu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mashine inayokaa macho usiku na mchana inakula uniti usiku na mchana. Bodi ndogo inayotumia wati 5 itakula uniti 3.6 kwa mwezi wa siku 30. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 60 ikiwa imekaa bure itakula 43. Fanya hesabu yako kwa bei unayonunulia.

Pili ni kukatika kwa umeme. Mashine yoyote inayoandika kwenye diski au kadi ya kumbukumbu, umeme ukikatika ghafla, inaweza kuamka na mafaili yaliyovunjika au isiamke kabisa. piCorePlayer ina hekima hapa: ikishawaka, mfumo wake wote unakaa kwenye kumbukumbu ya muda, kadi haiguswi ovyo, na kuikatia umeme si balaa. Laptopu nayo ina kitu ambacho seva nyingi za bei kubwa hazina, betri yake mwenyewe. Ukiitumia hivyo, weka mipangilio isijaze chaji kupita asilimia 80, la sivyo betri inayokaa kwenye chaja mwaka mzima huchakaa mapema, na nyingine huvimba mpaka zikainua kibodi. Kwa seva ya dukani, hesabu bei ya UPS ndogo, betri ya kushikilia umeme unapokatika, juu ya bei yake tangu mwanzo.

Tatu ni umri wa kampuni. Slim Devices ya Marekani ilitengeneza vipiga muziki vya mtandao vilivyopendwa sana, Squeezebox. Logitech ikainunua 2006, na 2012 ikaacha kuvitengeneza. Vingi kati yake vinapiga muziki hadi leo, kwa sababu moja: programu ya seva yake ilikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kuisoma na kuiendeleza, na wapenzi wake waliibeba. Tangu 2024 inaitwa Lyrion Music Server, nayo ndiyo niliyoweka kwa shemeji. Kabla ya kununua kisanduku chochote, uliza kitafanya nini siku tovuti ya mtengenezaji itakapozimwa. Kikishindwa kusoma diski yako bila intaneti, umekodi. Uliza pia kama huduma za muziki zilizopambwa kwenye boksi lake zinapatikana nchi unakoishi, na kumbuka kwamba saa moja ya muziki wa ubora wa CD kwa njia ya mtandao inaweza kula megabaiti 300 hadi 400 za bando.

Kuna kazi ambayo haihitaji kisanduku wala kompyuta ya fahari, nayo ndiyo iliyotuchukua miezi: kuandaa nyimbo zenyewe.

Faili la MP3 la kilobiti 128 lililopitia simu nne kwa bluetooth halirudishiwi kilichokwisha kukatwa. Kwa hiyo tulianza upya na CD. Tulizinyonya, yaani tulihamishia nyimbo zake kwenye kompyuta, kwa programu ya Exact Audio Copy, tukahifadhi kwa FLAC, mfumo wa bure uliotoka 2001 unaobana faili mpaka karibu nusu bila kupoteza hata biti moja. Programu ile hulinganisha matokeo yako na hazina ya watu wengine walionyonya CD hiyohiyo. CD zetu nyingi za dansi na taarab, zilizochapwa kidogo kidogo, hazikuwamo, basi kila moja tuliinyonya mara mbili na kulinganisha namba ya uhakiki. Zipo seva zenye mlango wa CD zinazofanya kazi hii zenyewe, na kwa mwenye CD nyingi zisizo na utata zinampumzisha. Kanda za kaseti ni habari nyingine. Zinahitaji deki iliyosafishwa vichwa kwa spiriti, kinasa, na mtu wa kusikiliza upande A hadi mwisho, kisha B. Hapo kompyuta haina mbadala, kwa hiyo hata aliyenunua seva haachani na kompyuta.

Baada ya hapo majina. Mashine zote hizi hutafuta majina ya albamu kwenye hazina za mtandaoni, na hazina hizo hazitujui vizuri. Chukua bendi moja tu: iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz, ikaja kuwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Seva iliiweka kwa shemeji kama bendi nne zisizojuana. Taarab ni ngumu zaidi, maana programu ina chumba cha "msanii" tu, wakati msikilizaji wa taarab anataka kujua mwimbaji ni nani, shairi ni la nani na kikundi ni kipi. Tuliamua kikundi kiingie kwenye chumba cha msanii wa albamu, mwimbaji kwenye msanii wa wimbo, na mshairi kwenye chumba cha mtunzi. Muhimu ni kuchagua utaratibu mmoja, kuuandika kwenye karatasi, na kuingiza majina ndani ya mafaili yenyewe, si kwenye programu ya seva peke yake. Majina yaliyo ndani ya faili yatakufuata ukibadili mashine. Aliyeyaandika kwenye programu ya kampuni ataanza upya siku atakapoiacha.

Kwa nani basi seva ya dukani inafaa? Kwa aliyekwisha kuridhika na spika na chumba chake, mwenye fedha isiyoumiza nyumba, asiyetaka kabisa kujifunza kuandika mfumo kwenye kadi, na mwenye duka litakaloipokea ikiharibika. Watu hao wapo, na sitawaambia wamepotea. Na anayesikiliza peke yake, mezani, kwa hedifoni, akiwa kazini na kompyuta yake, hahitaji chochote zaidi ya kigeuzi kidogo cha USB. Yeye mvumo na seva vyote havimhusu.

Shemeji alichukua njia ya tatu. Bodi ndogo iko nyuma ya amplifaya, imeungwa na kigeuzi, na vyote vinatumia ekstensheni moja. Laptopu imerudi kwa mtoto. Sehemu ya fedha aliyoitenga ilikwenda kwenye spika, sehemu kwenye zulia, na nyingine nilimsisitizia sana: diski mbili za ziada. Kazi ya miezi, na kaseti ambazo hazitapatikana tena popote, haziwezi kukaa kwenye diski moja inayoungua radi ikipiga nguzo ya mtaani. Mama yake hapendi simu, hivyo tulimtafutia rimoti yenye vitufe vikubwa, na kitufe cha kwanza kinaanzisha taarab.

Diski ya pili iko kwenye droo chumbani kwa shemeji. Ya tatu iko Tanga kwa dada yetu mkubwa, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kabati la vyombo, na kila tunapokwenda sikukuu tunaongeza yaliyozidi.